Bilibili

Aibu hii nimeificha nikashindwa, na kwa vile nusu ya mtaa wetu hapa Garissa wananiita Bilibili, afadhali mniskie mwenyewe.

Baada ya kukaa na digrii kabatini muda mrefu, nilipata kazi ya kuhudumia wateja wa kampuni moja ya Nairobi nikiwa nyumbani. Wakanitumia simu ya mezani ya intaneti, ile inayotaka kebo, wakasema Jumamosi saa nne asubuhi wataipiga kunijaribu. Kwetu hakuna intaneti, kwa hiyo nikahamia kwa Eeddo Shukri, shangazi yangu, mwenye waifai. Rauta yake iko juu ukutani kwenye korido, kebo yangu haikufika, ndipo nikanunua kisanduku kinachonasa waifai halafu simu unaichomeka hapo. Kilichobaki ni neno la siri tu.

"Baswad ni bilibili," Eeddo akasema akipita na birika (asubuhi hiyo hiyo binti yake Hodan alikuwa anaozwa, bwana harusi yuko Australia, nikaha inafungwa kwa video).

Mtu wa kawaida angeandika alichosikia. Mimi nikawaza: Kisomali chetu hakina P, kwa hiyo ikiwa baswad ni paswadi, basi bilibili ni pilipili. Nikaandika pilipili, ikakataa. Nikaanza kwa herufi kubwa, nikaongeza moja mbili tatu mwishoni, ikakataa. Kumuuliza tena niliona ni kama kumwambia mtu mzima hajui kutamka. Saa nne inakuja, nikajishawishi kwamba rauta ndiyo imechoka, nikapanda stuli nikadunga kile kijitundu cha nyuma cha kuianzisha upya kwa pini mpaka taa zote zikazima. Mimi ninayewaza mara saba kabla ya kununua sabuni, sikuwaza kwamba nikaha inapita humo humo.

Sebuleni sheikh alikuwa ndiyo kwanza amemuuliza bwana harusi kama amekubali. Wakaona uso wake umeganda, mdomo wazi, kisha giza. Nikamsikia mzee mmoja akiuliza polepole, "Amekataa, ama amekatika?" Chumba cha pili Hodan akaanza kulia.

Nikaingia. Eeddo akanitazama mkono.

"Umeshika nini?"

"Pini, eeddo."

"Umedunga nani?"

Ikabidi nieleze mbele ya wazee wote habari ya pilipili tangu mwanzo, na hakuna aliyecheka, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Nilisema bilibili," Eeddo akasema. "B ya bariis, wali. Nani alikuambia unisahihishe?"

Bwana harusi akapatikana kwa bando za sheikh mwenyewe, akakubali, watu wakapumua. Mimi nilikuwa sakafuni koridoni, nasoma namba za tumboni mwa rauta ili niifufue. Simu ya mezani ilipowaka hatimaye, saa nne ilikuwa imepita zamani. Ikalia. Dada wa kampuni akasema kwa upole kwamba walinipigia sana, sikupatikana, na nafasi amepewa mwingine.

"Amin," wakaitikia wazee nyuma yangu, maana dua ilikuwa imeanza.

Dada akauliza kama hapo ndipo ofisini kwangu. Nikamshukuru nikakata.

Simu yao niliwarudishia. Siku hizi mtu akinitajia neno la siri naandika alivyotamka, na nisipoelewa nauliza tena, hata kama ni mbele ya sheikh.