Michungwa ya Mwalimu

Baba yangu alikuwa na ekari tatu nje kidogo ya Chanzuru, na kwa ekari hizo alijihesabu mtu kamili. Babu alikuwa manamba, kibarua wa kukata mkonge kwenye mashamba ya wakubwa. Alipochoka kusimamiwa alifyeka pori, akalima lake, na mpakani akapanda mkonge uleule uliomchana mikono. Tangu hapo hatukuwa matajiri, lakini hakuna aliyetupigia filimbi ya kuamka. Palipozuka ugomvi wa mipaka, wenye mashamba ndio walioitwa kutoa ushahidi. Kibarua hakuulizwa kitu.

Ndiyo maana bado nina hasira na baba, Mungu anisamehe.

Kwetu ukimwazima mtu shamba, analima mahindi, anavuna, anaondoka. Hapandi mti. Mti ukishakomaa, aliyeupanda anahesabiwa mwenye ardhi. Hata mtoto analijua hilo. Baba alimwazima ekari moja mwalimu mstaafu aliyemfundisha darasa la tatu. Msimu wa pili mwalimu akaja na miche ya michungwa.

"Ni ya kivuli tu, kijana wangu," alisema. Kijana mwenyewe alikuwa na wajukuu.

"Sawa, mwalimu," baba akajibu, mikono nyuma, kama yuko mstarini shuleni.

Jioni ile nilimwambia baba ametuuza. Akanifokea: mtu unayempa shikamoo utamnyima vipi kivuli? Kivuli! Miche shamba zima, kwa kipara kimoja cha mwalimu!

Miaka ikapita, wapimaji wakaja kuandikisha mashamba. Mwalimu akawaonyesha michungwa yake. Shauri likaenda barazani, nami nikaomba ruhusa Mikumi, ninakofua mashuka kwenye nyumba ya wageni, nikaja kusikiliza.

"Miti hii kapanda nani?" wazee walimuuliza baba.

"Mwalimu."

"Kwa ruhusa yako?"

Angeweza kusema alimkataza. Angeweza hata kukohoa.

"Kwa ruhusa yangu," akasema, na ekari ikaenda.

Hilo ningelimeza. Lakini mvua zilipoanza, mwalimu akamwita baba akapalilie chini ya michungwa kwa ujira, na baba akaenda. Hakuwa na njaa, ekari mbili zilibaki. Alishindwa tu kukataa, kwa mara nyingine, na jembe alilobeba ni lile la babu.

Niliposikia nilipanda basi kwenda kumtoa. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia yule mzee: mwizi, mnafiki, umemrudisha mtoto wa manamba kwenye umanamba. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki, kivulini. Kumbe kivuli kipo kweli. Mbele yake baba alikuwa ameinama, hakunitazama.

Nikafungua kinywa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kumsaidia baba?"

Nikasikia sauti yangu ikisema ndiyo.