Siku Bibi Alipogeuza Mbuzi Mnadani

Juzi nilipanda kivuko cha kwenda Kamanga, mwanafunzi wangu mmoja akanifuata na swali. "Shikamoo mwalimu. Hivi kwa nini watu wakiogopa kwa pamoja bei zinaporomoka, wakati mali ni ileile?" Mimi hufundisha historia ya fedha katika chuo kimoja pale Nyamagana, kwa hiyo jibu la darasani ninalo. Lakini mbele yetu ilikuwa Sengerema, msomaji wangu, huko nilikolelewa na bibi, na jibu la bibi nalipenda zaidi.

Bibi hakuiamini noti iliyolala. Mama yake aliolewa kwa majembe ya chuma, yeye kwa ng'ombe, na noti alishaziona zikibadilishwa sura. Akilipwa pesa ya pamba asubuhi, jioni zizini kuna mbuzi mpya. Viazi vitamu tulivikata vipande, tukavianika juu ya miamba mpaka vikawa michembe, nyumba nzima ikinukia utamu wa jua, kisha tukajaza kihenge. Jirani yetu, aliyetunza noti zake kwenye kopo la maziwa, alimtania kwamba ana benki inayolia mee. Bibi akamwambia yake angalau inazaa.

Mwaka niliochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mvua ziligoma. Bei za chakula zikapanda mpaka kopo zima la jirani halikutosha hata gunia la mahindi. Tegemeo langu la ada lilikuwa mbuzi wanne wa bibi, basi tukawaswaga hadi mnadani. Kumbe kila nyumba imeleta wa kwake. Wanunuzi walikuwa watatu tu, wanatembea kwa maringo na fimbo zao, wanataja bei ya kuku. Nikaanza kulia, maana niliona shule ndiyo imekwenda hivyo. Bibi akauzunguka uwanja mara moja, akarudi. "Hapa leo kila mtu anauza, na wote wanatafuta chakula," akasema. "Futa machozi. Geuza mbuzi."

Kesho yake tulifungua kihenge, tukapeleka michembe yote Kamanga, kwa abiria na wavuvi. Iligombaniwa. Ada ikapatikana, na nauli juu. Mbuzi aliwaacha kwa ajili ya muhula wa pili, na mvua ziliporudi bei yao ikarudi pia.

Tangu hapo nimesoma vitabu vingi kuhusu misukosuko ya fedha, na bado namvulia kofia mwanamke yule. Hakumaliza hata darasa la pili, lakini aliisoma hofu ya mnada mzima kwa mzunguko mmoja. Siku hizi uwanja ule umejengwa nyumba, kihenge kilishabomolewa, na pesa zinaingia kwenye simu bila hata kunuka jasho la mtu. Bibi tulishamzika. Namkumbuka sana.

Mwanafunzi wangu alicheka, akaandika. Sikumsimulia likizo yangu ya kwanza kutoka bweni. Nilimkuta bibi amekonda, kitenge kinamzunguka mara mbili. Alinipakulia ugali sahani ikajaa, mwenyewe akakaa pembeni, akasema hospitali wamemkataza kula sana. Nami, msomi wa kidato cha kwanza, nikamweleza kwa kirefu kwamba daktari yuko sahihi, nikala mpaka sahani ikawa nyeupe.