Nilitumwa kusema neno moja kuhusu mlango wa choo

Mwenye ukurasa, jina langu na la zahanati yafiche, kisa kiache kilivyo. Jambo hili sijamwambia mama, wala rafiki, na hata nikiomba dua hulipita kando. Nilimdanganya shangazi yangu, naye mpaka leo anajivunia uongo wangu mbele za watu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, sasa niko huku Kisauni nasubiri chuo. Naishi kwa shangazi, dada wa baba. Anatumia kiti cha magurudumu tangu utotoni na anashona viatu vya ngozi Bombolulu. Mimi ni mtu wa haya sana. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, hata ninalolijua, machozi yalikuwa yanatangulia jibu.

Shangazi ni mjumbe wa kikundi cha watu wenye ulemavu. Jengo la umma likijengwa huku kwetu, huitwa alikague kabla halijakabidhiwa, aseme kama mtu wa kiti au wa fimbo ataweza kulitumia. Ameifanya kazi hiyo miaka mingi na imemchosha. "Hutuita likishapakwa rangi," husema, "twende tukaisifu rangi." Mimi humsukuma, nikashika futi, nikaandika anayonitajia.

Safari hii ilikuwa zahanati mpya. Tulipokwenda mara ya kwanza mafundi walikuwa bado kazini. Mteremko wa viti ulikuwa mzuri, shangazi hata akatabasamu. Shida ilikuwa choo cha walemavu. Mlango wake unafungukia ndani, kwa hiyo ukishaingia na kiti, kiti chenyewe kinauzuia usifungike. Akamwambia fundi augeuze ufungukie nje. Fundi akajibu kwamba hilo si la kwake, lisemwe siku ya kikao cha kukabidhi, liandikwe.

Siku ya kikao shangazi aliamka na homa, kichwa hakiinuki. Akaniita.

"Abee, shangazi."

"Utakwenda wewe. Sikutumi ukahutubie. Sema mlango wa choo ufungukie nje, basi, urudi unipikie uji."

Njia nzima nilikuwa nairudia sentensi hiyo. Nilikuta wanaume tu, watu wazima, nikawaamkia mmoja mmoja. Tukazunguka jengo mpaka tukafika pale chooni. Mkandarasi, mzee mcheshi aliyekuwa akiniita mkwe wangu tangu nilipofika, akaniambia, "Haya bibie, sisi tumemaliza. Wenzetu walemavu wana neno?"

Wote wakanigeukia. Nikaangalia vidole vya miguu yangu. Sentensi nilikuwa nayo, wallahi, nzima, lakini haikutoka.

"Kanyamaza," mkandarasi akasema. "Na mwari akiulizwa akanyamaza, si ndiyo karidhia?"

Wakacheka. Kwetu msichana akiulizwa kuhusu posa, kimya chake huhesabiwa kuwa amekubali. "Karani, andika walemavu wameridhika. Mkwe, pilau twala lini?" Nilidhani ni mzaha tu, lakini karani aliandika kweli. Kisha akanisogezea karatasi, nikatia sahihi. Hata hapo nafasi ya kusema nilikuwa nayo.

Niliporudi, shangazi aliuliza kabla sijavua viatu. "Ulisema?"

"Nilisema."

"Wakasemaje?"

"Wakasema wataangalia."

"Huangalia sana hao," akasema, akageukia ukutani akalala. Mimi nikaenda kupika uji.

Mwezi uliopita nilimpeleka kwenye zahanati ile ile, kliniki ya presha. Foleni ilikuwa ndefu, akabanwa. Nikamsukuma hadi chooni. Mlango haukufungika, na benchi la wagonjwa liko mbele yake kabisa. Nikafungua leso niliyojifunga juu ya gauni, nikaitanua mlangoni kwa mikono miwili. Uso wangu uliwaelekea watu, nao wakajifanya wanasoma simu. Nyuma yangu nilimsikia akihangaika kujihamisha kutoka kitini, akipumua kwa shida. Halafu akasema polepole, kana kwamba mimi ndiye niliyeaibika, "Si kitu, mwanangu. Sisi tulisema."

Alipomaliza nikajifunga leso yangu, nikamrudisha kwenye foleni.

Sasa shangazi ameomba kikao kingine, na amekubaliwa, Alhamisi ijayo. "Nimechoka kuomba," aliniambia. "Safari hii siombi. Wasome kumbukumbu zao mbele ya watu, kila mmoja asikie kwamba tuliwaambia mapema." Amekieleza kikundi kizima. Mama mmoja asiyeona alinishika mkono akaniambia, "Kumbe wewe mkimya hivi, ulisimama mbele ya wale wanaume." Nikamwacha aushike.

Nimewaza kumwendea karani, nimwombe aongeze mstari. Huo ungekuwa uongo wa pili, tena wa kwenye karatasi. Nimewaza kujifanya mgonjwa Alhamisi. Lakini shangazi atakwenda, niwepo nisiwepo, na atasomewa mbele ya wenzake kwamba waliridhika, na chini yake jina langu. Siogopi kugombezwa. Kuangushwa na watu wa ofisini amekuzoea. Kuangushwa na mtu wa nyumbani kwake sijui kama atakuweza, na kwa maandishi yale mlango hautageuzwa leo wala kesho.

Nishaurini, mlionizidi umri. Neno la kwanza la kumwambia ni lipi? Nimwambie tukiwa wawili kabla ya siku yenyewe, kisha niende nami nikawaambie wale wazee kwamba sikuridhia, niliona haya tu? Na nikishikwa na kimya tena je?

Na wewe unayesoma ukiwa Bombolulu, pengine umeshamtambua mshona viatu anayeletwa kazini na mtoto wa kaka yake. Nakusihi usimwambie kitu. Msalimie kama siku zote, ulizia viatu, upite. Nataka alisikie kwangu.