Tulipofunga Boti kwenye Mafunjo

Mtu akikwambia kulala ndani ya boti ni raha, usimwamini haraka. Wengine wamefungiwa boti kwenye gati la hoteli, wakaletewa chai asubuhi, wakarudi kusimulia. Mimi nililala kwenye boti ya mbao yenye mizigo, katikati ya mabeseni na majerikeni, nikiwa tayari mtu mzima wa kuitwa bibi. Nilijifunza kwamba kusafiri si kazi. Kazi ni kupata pa kufunga kamba jua likishuka.

Safari yenyewe ilikuwa ya arobaini. Mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, aliolewa visiwani na watu wenye duka, akajifungua hukohuko. Sisi Wanubi wa Kampala tuna desturi zetu. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Siku ya arobaini ikifika, watu wa upande wa mama yake humwogesha, humfukiza udi, humvalisha, halafu humtoa nje na mtoto wake, wanawake wote wamwone. Kazi hiyo ni ya mama. Mama akiwa hayupo, ni ya bibi. Bibi asipokuja, watu wa mume wataifanya wenyewe na chakula kitaliwa kama kawaida, lakini msichana atabaki katika nyumba ile akijulikana kuwa hana watu. Hakuna atakayemwambia usoni. Atasikia siku akichelewesha chai, au siku akigombana na wifi. Nyumba za namna hiyo nazijua, sihitaji kuelezwa.

Kisiwa chake hakina feri. Boti za abiria huenda siku ya soko tu, na boti ya soko ilituacha pale bandarini Ggaba kwa sababu mke mwenzangu alikuwa bado sokoni Nakasero anachagua iliki. Huyu mke mwenzangu ndiye mke wa pili wa marehemu mume wangu. Mzee alipokufa watu walidhani tutagawana sufuria na kila mtu ashike njia yake. Hatukugawana. Tumezoea kugombana, na kuanza upya na mtu mwingine ni taabu.

"Iliki za mle visiwani zina vumbi," alisema, akiwa amesimama na mfuko wake, boti imeshakuwa nukta.

"Na wewe sasa una nini?"

"Nina iliki safi, dada mkubwa."

Ndipo tukampata yule Mkongo. Mtu wa makamo, alikimbia vita kwao akapanga chumba Nsambya, na kazi yake ilikuwa kupeleka vyombo vya plastiki visiwani. Boti yake kubwa, injini yake ndogo. Alituambia mapema kwamba tutalala njiani mara mbili, kwa sababu hasafiri gizani, na alasiri upepo ukichachamaa hujificha. Nikamuuliza kama ziwa analijua.

"Mama, mimi nilizaliwa juu ya maji," akasema. "Kule kwetu ziwa ni refu, na chini hakuna mwisho."

Sikumuuliza la kwetu analijua tangu lini. Niliona mikono yake inavyoshika kamba, nikaridhika.

Mara ya kwanza tulilala kwenye mwalo, pale wavuvi wanapotia nanga na kuuza samaki. Mwenyekiti wa mwalo alikuja mwenyewe kutupokea, amevaa gumbuti.

"Jajja, laleni bila wasiwasi," akaniambia, akiniita bibi kwa Kiganda. "Hapa ni salama. Injini tu msiiache kwenye boti."

"Kama ni salama, kwa nini nisiiache?"

"Ni salama kwa watu, jajja. Kwa injini sijui."

Basi Mkongo akaifungua injini, akaibeba begani, akalala ameikumbatia kwenye mchanga, kanga ya mke mwenzangu imefunika uso wake kwa ajili ya mbu. Sisi tulibaki ndani ya boti kulinda mizigo. Muziki ulitoka kwenye baa tatu kwa wakati mmoja, kila baa na wimbo wake. Mlevi mmoja akaja akashika ukingo wa boti, akamsalimia mke mwenzangu kwa adabu sana.

"Mama, una mume?"

"Amekufa."

"Pole. Na huyu mwenzako?"

"Wake ni huyohuyo."

Yule bwana akasimama akifikiri. Kisha akaondoka polepole, akigeuka kututazama mara kwa mara, wala hakurudi.

Kulipokucha mke mwenzangu alikuwa na macho mekundu. Akasema akilazwa tena mahali kama pale, atashuka kwenye pwani ya kwanza atakayoiona apande gari arudi nyumbani, na arobaini niende peke yangu. Hakuwa akitania. Na mimi peke yangu nisingeweza, kwa sababu kuogesha mzazi ni kazi ya watu wawili. Mmoja anamwaga, mmoja anakanda, tena mgongo wangu hauinami kama zamani. Mkongo naye alikuwa na shingo iliyokakamaa kwa sababu ya injini. Sote watatu tukakubaliana kwamba siku hiyo tutafute mahali pasipo na mtu hata mmoja.

Alasiri upepo ulipoanza, akaingiza boti kwenye ghuba. Upande mmoja kulikuwa na miamba, akaikwepa. Upande wa pili kulikuwa na ukuta wa mafunjo, marefu kuliko mtu, yamesongamana, na kamti kamoja kamesimama katikati yake. Nyuma yake, mbali kidogo, kilima chenye mashamba ya migomba. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Akachomeka kasia kwenye mafunjo, likakwama.

"Udongo," akasema. "Pazuri hapa. Mwizi atatufikia na nini?"

"Nchi kavu iko wapi?" nikamuuliza.

"Ndiyo hii, mama, iko ndani ya majani. Kule kwetu pwani ni mawe, unafunga kwenye jiwe. Hapa Mungu amewapa majani."

Akausukuma mdomo wa boti ndani, akafunga kamba kwenye kale kamti, mafundo mawili. Mke mwenzangu alifurahi mpaka akapika chai ya iliki kwenye jiko la mkaa. Nikaswali magharibi nikielekea mafunjo, maana pwani ilikuwa kaskazini yetu, na kibla kutoka kwetu ni kaskazini, unasogea kidogo tu kulia. Usingizi wa siku hiyo sijaupata tena. Hapakuwa na baa wala mlevi. Kulikuwa na upepo mdogo kutoka nchi kavu, na kiboko mmoja mbali anakoroma kama mtu mwenye mafua.

Alfajiri nikaamka, nikatia udhu, nikasimama nikielekea mafunjo vilevile. Niliposujudu nikaona mwanga. Jua la asubuhi lilipaswa kunitokea mkono wa kulia. Huu mwanga ulitoka kisogoni. Nilimaliza swala, kwa sababu swala haikatizwi kwa ajili ya mambo ya boti, kisha nikamgusa mke mwenzangu kwa mguu.

"Amka. Jua linatokea upande mwingine."

"Umelala vibaya," akasema bila kufumbua macho.

Mkongo alikuwa ameshapanda juu ya mabeseni. Aligeuka huku na huku akitafuta pwani. Ghuba haikuwapo. Kilima cha migomba hakikuwapo. Kila upande maji, ukungu juu ya maji, na sisi katikati na mafunjo yetu, kama bustani iliyohama na wapangaji wake.

"Mama," akasema mwishowe, "nchi imetembea."

"Nchi haitembei," akasema mke mwenzangu, sasa ameketi. "Nani alifunga kamba?"

"Ni mimi."

"Ulifunga kwenye nini?"

Akakanyoshea kidole kale kamti. Sote tulikuwa tunakatazama.

Baadaye nilielezwa, na nitaeleza hapa ili mwingine asifanye hivyo. Ziwa letu lina visiwa vya majani. Mafunjo hushikana mizizi, yakakusanya tope, vimiti vikaota juu yake, ndege wakajenga, hata nyoka wakahamia. Hakuna kinachovishika chini. Upepo wa mchana huvisukuma pwani, vikabanana pale ukadhani ni nchi. Upepo wa usiku hutoka nchi kavu, ukavichukua tena. Mkongo alitoka kwenye ziwa la mawe. Na sisi wawili tulikulia mjini, mmoja nyumba za reli, mwingine nyumba za polisi, na ziwa tulilijua kwa samaki wake. Kati yetu watatu hapakuwa na mtu wa kuuliza swali sahihi.

Akawasha injini, ikakohoa ikanyamaza. Mizizi ilikuwa imezunguka panga la injini. Akaikata kwa kisu, amelala kifudifudi, mke mwenzangu ameshika miguu yake. Kamba hakuifungua. Palikuwa na nyoka mweusi amejinyoosha karibu na fundo, anaota jua ambalo bado halijatoka vizuri. Mkongo akakata kamba mbali kabisa na fundo, tukamwachia nyoka kipande. Simu ya mke mwenzangu ilikuwa na chaji ya kutosha kutuonyesha kwamba hakuna mtandao.

Tukakaa tukingoja ukungu upungue, kwa sababu kwenda bila kujua uendako ni kumaliza mafuta. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Leo ndiyo siku yenyewe. Ilikuwa tufike asubuhi, tupumzike, adhuhuri tuchemshe maji.

Ukungu ulipofunguka ikaja boti ya wavuvi, vijana wanne, wanatoka kwenye nyavu.

"Jajja, mnafanya nini huku?" akauliza wa mbele.

"Tulilala."

"Mlilala wapi?"

Nikamwonyesha mafunjo. Wakatazamana. Mmoja alicheka mpaka akaketi chini juu ya samaki.

"Ssebo, bwana wangu," akamwambia Mkongo, "umefunga boti kwenye boti nyingine. Hata nahodha wake hukumwomba ruhusa."

"Nilichomeka kasia, likasimama."

"Usichomeke, sukuma. Ikiwa ni nchi, utarudi nyuma wewe. Ikiwa ni hiki, kitarudi nyuma chenyewe." Wakakisukuma kwa kasia zao, nacho kikasogea, kizima, na mti wake. Mke mwenzangu akageuza uso.

Wakatuonyesha. Kisiwa cha mjukuu wangu kilikuwa kusini, nyuma ya kingine chenye migongo miwili, na upepo ungetupiga usoni njia yote. Kurudi pwani kulikuwa rahisi zaidi, na mafuta yangetosha. Kwenda mbele, labda. Mkongo alitaka kurudi, tujaze mafuta, tuondoke kesho.

"Kesho ninayo kazi gani huko?" nikamuuliza.

"Mama, mafuta yakituishia katikati, hata sisi tutakuwa majani."

"Wape hawa vijana mabeseni, wakupe mafuta."

"Mabeseni ni ya wenye maduka."

"Utawaambia wenye maduka ulifunga wapi. Watacheka, hawatakudai."

Akaanza kufungua kamba ya mabeseni. Nadhani alikuwa ameona haya, na mtu mwenye haya habishani sana. Wavuvi wakachagua mabeseni, wakabishania rangi kama maharusi, wakatujazia jerikeni. Tukaenda.

Upepo ulikuwa kama walivyosema. Boti ilipanda, ikaanguka, ikapanda. Mke mwenzangu alitapika iliki zake zote na hakutaja tena habari ya kushuka arudi, labda kwa kuwa hapakuwa na pa kushukia. Jua likapita kichwani, likashuka upande wa pili. Tulipokigusa kisiwa, adhana ya magharibi ilikuwa imeisha, na kwetu jua likizama siku imekwisha.

Mama mkwe wa mjukuu wangu alitupokea mlangoni. Si mwanamke mbaya. Uani sufuria zilikuwa zimeshaoshwa.

"Hajja, mtuwie radhi," akasema. "Tuliwangoja mpaka alasiri. Wageni walikuwa na njaa, tukamtoa."

"Mmefanya vizuri," nikasema. "Maji ya moto yapo?"

"Ya chai?"

"Ya kuoga."

"Mtaoga kwanza?"

"Ataoga yeye."

"Ameshaoga, hajja."

"Nimesikia. Ataoga tena."

Akanitazama, kisha akamtazama mke mwenzangu, ambaye uso wake ulikuwa rangi ya majivu na alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya gauni. Hakupata msaada kwake. Akaenda kuchochea moto.

Mjukuu wangu alikuwa amekaa kitandani, nguo mpya, hina mbichi mikononi, mtoto amelala pembeni. Alitaka kusimama, nikamwambia akae. Hakulia, na mimi sikulia. Mke mwenzangu alimwaga, mimi nilikanda, mgongo, mabega, nyayo, kama nilivyomfanyia mama yake kwenye arobaini yake, alipomzaa yeye.

"Haboba," akasema, neno letu la bibi, "maji ni ya moto sana."

"Yatapoa. Inua mkono."

Tukamfukiza, tukamfunika, nikatuma watu waitwe. Wengine walikuwa wameshalala. Waliokuja walikuja na taa zao, nusu wakidhani kuna msiba. Mwanamke mmoja mnene, jirani, akasema kwa sauti iliyokusudiwa isikike, "Huyu si tulimwona akitoka mchana?"

"Mchana alitolewa na watu wa mumewe," mke mwenzangu akamjibu. "Sasa anatolewa na watu wake. Mkeka huo, kaa."

Akakaa. Wengine nao wakasogea, mmoja akapiga kigelegele cha usingizi, mwingine akakiitikia kwa nguvu zaidi. Mimi nilikuwa nimemshika mjukuu wangu mkono wa kulia. Tukavuka kizingiti, nikampeleka mpaka katikati ya mkeka, na sikumwachia mpaka alipokaa.