Jina la Ndani, Mulango wa Inje

Mujukuu wangu wa kike aliweka kompyuta saluni, pale tunapokaribishia wageni, internet yote ya nyumba ipitie hapo. Nyuma yake kuna matundu mawili: moja la waya wa antena, njo mulango wa inje, lingine la waya unaoenda kwa simu na mashini zetu za nyumbani, mulango wa ndani. Alinieleza mimi koko yake, bibi yake, taratibu, kama vile si mimi nilizaa mama yake:

"Koko, pakiti ni kama barua ndogo. Mashini hii haiamini tu jina lililoandikwa juu. Inaangalia imeingia kwa mulango gani. Ikiingia kwa mulango wa inje na inajiita mutoto wa nyumba, inatupwa."

Nikamwambia akili hiyo nilikuwa nayo kabla ya waya. Anayepitia mulango wa barabara anakaa kwenye kiti aseme kilichomuleta, hata akijiita ndugu. Anayepitia jikoni nimemulea mwenyewe, achukue sahani.

Basi biro moja ya Manono, ofisi ya kulinda kompyuta za watu, ikataka kumuuliza maswali kwa video, saa ine asubuhi, imupe kazi ao imunyime. Alikuwa amengojea siku hiyo miezi. Kwa kuwa saluni yangu ingeonekana, nilipangusa vumbi kila mahali, hata nyuma ya kompyuta. Nilichomoa waya mbili, nikapangusa, nikarudisha. Waya ni waya.

Saa tatu na nusu internet ikakatika. Mujukuu akasoma maandishi ya mashini, akashika kichwa.

"Mwizi! Anagonga mulango wa inje na anwani ya kompyuta yangu mwenyewe, hii ninayofanyia kazi!"

Jirani akaingia, baba mumoja tunayemwita Papa, aliyeuza redio zamani, na tangu hapo anajua kila kitu chenye taa.

"Mama, hii ni shambulio. Wanatoka ng'ambo."

"Ng'ambo gani? Ya ziwa, Kigoma?"

"Mbali zaidi, Mama. Tufute kanuni zote za kutupa pakiti."

"Papa, tukifuta, kila muntu ataingia!" mujukuu akasema. Akazima mashini, akaiwasha. Bure.

Mimi nilikuwa nimeelewa toka neno la kwanza. Jina la ndani kwenye mulango wa inje: ao mwizi, ao mutoto wa nyumba aliyezungushwa. Na muzungushaji alikuwa ameshika kitambaa. Lakini katika nyumba hii Koko hakosei. Nimewafundisha hivyo kwa miaka mingi, kwa fimbo pia.

"Zimebaki dakika tano," mujukuu akasema, na machozi yakaanza kuharibu poda.

"Acha kulia," nikasema. "Hakuna mwizi. Nilichomoa waya nikipangusa. Zigeuze."

Akazigeuza. Internet ikarudi.

"Njo nilivyodhani," papa akasema.

Watu wa Manono wakamuuliza kama aliwahi kushambuliwa. Akajibu: ndiyo, leo asubuhi. Wakamuuliza adui alitokea wapi.

Akatazama pembeni, pale nilipojibanza.

"Ndani," akasema.

Kazi wakamupa. Nyuma ya kompyuta sasa kuna karatasi: KOKO ASIGUSE. Shule sikuenda sana, lakini hiyo niliisoma mara moja.