Siku Tatu za Nusu Krauni Huko Husby

Nilikwenda Stockholm kwa sababu ya sharubu za mfalme. Ninyi jamaa wa Korogwe mlionisindikiza hadi stendi mlidhani naenda kutafuta kazi, na mimi sikuwasahihisha. Sasa nimerudi, nitasema yote.

Kwa wasioijua habari: nina sarafu moja ya Kiingereza, nusu krauni ya fedha. Upande mmoja una kichwa cha Mfalme Joji wa Tano na ndevu zake, upande wa pili una ngao. Niliikuta miaka ishirini na miwili iliyopita ndani ya bitana ya koti la mtumba, ikiwa inang'aa kama imetoka kiwandani. Tangu siku ile miguu yangu haijatulia. Nikiishika nakumbuka mahali ambapo sijawahi kufika, na nikifika mahali naanza kukumbuka kwingine. Nimekwenda nayo Kigoma, Lubumbashi na Maskati.

Kwa ajili ya sarafu hiyo tulianzisha chama cha wakusanyaji wa sarafu kongwe. Tuko wanne, tunakutana kila Jumamosi nyuma ya duka la fundi cherehani. Tuna madaraja yetu: mpya kabisa, safi sana, safi, iliyochakaa, na iliyokwisha. Katiba inasema mwenye sarafu ya daraja la juu ndiye mwenyekiti. Yangu ilikuwa safi sana, kwa hiyo niliongoza tangu mwanzo. Mpaka Jumamosi moja Mzee Mhina, makamu wangu, alipoinuka na kusema, "Mwenyekiti, samahani. Mfalme huyu amenyolewa."

"Amenyolewa na nani?"

"Hilo sijui. Najua sharubu hazipo. Hii imechakaa. Sarafu yangu ya peni ni safi, basi kiti ni changu."

Tulibishana hadi fundi akafunga duka. Mwisho nikaapa mbele ya wote kwamba nitaipeleka sarafu ikapimwe Ulaya, na mtu asiyemjua hata mmoja wetu. Akisema safi sana, Mhina ataniomba radhi kwa maandishi. Akisema imechakaa, naachia uenyekiti. Nikauza pikipiki, nikakata tiketi.

Mpimaji nilishampata kwenye kundi la simu la wapenda sarafu wanaozungumza Kiswahili. Ni Mama Furaha, mwanamke wa Uvira anayeishi Husby, kaskazini mwa Stockholm. Mle kundini alijulikana kwa ukali. Mtu wa Nakuru aliwahi kutuma picha ya shilingi yake akiisifu, Mama Furaha akamjibu kwa neno moja: "Kifuniko," yaani cha soda. Nilimtaka mtu wa namna hiyo. Yeye ndiye aliyeniandikia barua ya mwaliko.

Jumatano asubuhi, uwanja wa ndege wa Arlanda. Afisa wa uhamiaji aliniuliza nimekuja Sweden kufanya nini. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba nimeleta sarafu kupimwa.

"Sarafu ngapi?"

"Moja."

Akanitazama, akaitazama barua, akanitazama tena. "Naweza kuiona?"

Nikaitoa mfukoni mwa shati. Aliipapasa kwa kidole gumba, akamwita mwenzake, naye akaipapasa, wakacheka, wakagonga muhuri. Ndivyo ilivyo sarafu hii, hakuna anayeiona asitake kuigusa. Ndani ya ndege walishaishika abiria watano na mhudumu mmoja. Nilijiona balozi.

Mumewe Mama Furaha, Baba Furaha, husafisha ndege uwanjani hapo. Alimaliza zamu yake akanichukua kwa basi hadi Märsta, na kutoka Märsta tukapanda treni ya kwenda mjini. Theluji ya mwisho wa msimu ilikuwa imerundikwa kando ya reli, nyeusi kama masizi. Njiani akanieleza jinsi mkewe alivyopata ujuzi. Alikuwa akimhudumia nyumbani mzee mmoja wa Kiswidi aliyekusanya sarafu za Kiingereza maisha yake yote. Mzee hakuwa na mtu wa kumsikiliza, basi kila asubuhi kabla ya kuoga alimfundisha Mama Furaha sarafu moja. Alipofariki alimwachia kioo chake cha kukuzia.

"Sasa na mimi ananipima," alisema Baba Furaha. "Mwaka jana nilikuwa safi. Mwaka huu ananiambia ukingo umeanza kulika."

Saa sita mchana, Husby. Tulibadilisha treni mjini, tukashika ile ya chini ya ardhi ya njia ya bluu. Ghorofa zao ni za kupanga, ndefu na tulivu, kila mlango una jina la mtu. Mama Furaha alitupokea mlangoni, mnene, mfupi, kitenge kiunoni na miwani kichwani.

"Karibu kaka! Habari ya safari? Na huyu mwenzako iko wapi?"

Nilidhani anaulizia mke wangu. Alikuwa anaulizia sarafu. Aliipokea kwa kitambaa, akaishika ukingoni kwa vidole viwili, akailaza juu ya sahani ndogo ya chai na kuiweka kichwani mwa meza, mahali pa mgeni wa heshima.

"Sasa dada," nikasema, "unaionaje?"

"Ulishakula?"

"Bado, lakini..."

"Bon, vizuri. Tule kwanza."

Tukala ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Nikauliza tena. Hapo ndipo aliponieleza utaratibu wa nyumba yake. "Kaka, kwetu mugeni siku mbili anakula. Siku ya tatu tunamupa jembe. Na sarafu yako ni mugeni pia. Siwezi kumusema mugeni vibaya naye ametoka mbali hivi. Ijumaa tutaongea."

"Kwa hiyo utaisema vibaya?"

"Sijasema kitu. Ongeza samaki."

Hivyo nilikaa siku mbili nikiwa sijui kama bado ni mwenyekiti. Simu yangu ililia kila baada ya saa chache: Mhina anauliza, "Vipi?" Nikamjibu kwamba sarafu inapumzika. Akajibu, "Imechoka na nini?"

Alhamisi alasiri wakaja watu wa kanisani kuiona. Waliisalimu ile sahani, kweli kabisa, kwa kuinamisha vichwa, wakaketi. Mchungaji akamshukuru Mungu kwa kuwafikisha salama "mgeni wetu na mwenzake." Furaha, binti wa nyumba, mwenye miaka kumi na sita, alipita sebuleni, akatazama watu wazima tisa wamezunguka sahani yenye sarafu moja. Akasema kwa Kiswidi neno moja refu, akarudi chumbani kwake. Baba yake akakataa kunitafsiria.

Miongoni mwa wageni alikuwemo Bwana Nestori, Mrundi mkusanyaji kutoka Bredäng, aliyekuja na suti na kioo chake mwenyewe. Aliinama juu ya sahani kwa muda mrefu. Nikasogeza kiti karibu.

"Lakini mama," akaanza, "mbona huyu mfalme ame..."

Mama Furaha akamtia sambusa mdomoni. Nzima nzima. Yule bwana akatafuna huku macho yamemtoka.

"Ame nini?" nikauliza.

"Hm," akasema Nestori.

"Bwana Nestori, ame nini?"

Akameza, akamtazama mama mwenye nyumba, akaiona sambusa ya pili iko tayari mkononi. "Amefika salama," akasema.

Jioni hiyo nilinyoosha mkono kumpapasa mfalme kidogo, kama ninavyofanya kila siku nikiwa na wasiwasi. Mama Furaha akanipiga kofi la mkononi. "Ukingoni, kaka! Shika ukingoni!" Kisha akajishika mdomo, akaniomba msamaha mara tatu, kwa kuwa nilikuwa bado mgeni, akaniletea chai.

Ijumaa, saa nne asubuhi. Siku ya tatu. Niliamshwa na kapu la mashuka lililowekwa miguuni pangu.

"Haya, jembe lako," alisema Mama Furaha. Sauti ya karamu ilikuwa imekwisha.

Jengo lile lina chumba kimoja cha kufulia, chini kabisa, na kila nyumba huandikisha zamu yake ya muda wa saa tatu. Ukichelewa kwa dakika tano jirani anabandika karatasi mlangoni kukulaani kwa adabu. Nilipakia mashuka kwenye mashine, yeye akafuta meza ya kukunjia nguo, akatandika taulo jeupe chini ya taa, akatoa kioo cha yule mzee. Mashine zikaanza kunguruma. Nikasimama nimeshika foronya kama mshitakiwa aliyeshika kofia.

Aligeuza sarafu mara nne. Kisha akasema, "Upande wa ngao: safi sana."

Nikaruka. "Nilimwambia Mhina!"

"Ngoja. Upande wa mufalme: amechakaa. Sharubu hakuna. Shavu limelala. Na daraja tunatoa kwa upande mubaya."

"Haiwezekani. Nilipoipata sharubu zilikuwepo, nilizihesabu nywele."

"Nakuamini."

"Sasa?"

"Kaka, sarafu ikitembea sokoni inachoka pande zote mbili, sawa vile viatu. Hii imechoka upande mumoja. Ukingo muzima, ngao nzima. Ni shavu tu." Akainua miwani, akanitazama. "Ni nani anamupapasa huyu mutu kwenye shavu?"

Nikatazama kidole changu gumba. Halafu nikaanza kuhesabu wengine kwa sauti: maafisa wawili wa Arlanda, abiria watano, mhudumu, maharusi wa Maskati, askari wa Kigoma, kila mgeni aliyewahi kukanyaga kwangu. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikisema, "Msalimie mfalme," nao wanamsalimia. Mashine ilimaliza kusuuza nami bado nahesabu.

"Inauma?" aliuliza.

"Inauma, dada. Huyu nimempenda."

"Naona. Inaonekana hata bila kioo." Akaniandikia cheti kwenye karatasi ya zamu ya kufulia, kwa kalamu, na sahihi yake chini. Kisha tukakunja mashuka, yeye ncha mbili, mimi ncha mbili. Alinisahihisha hata mikunjo.

Jumamosi nikaondoka. Mlangoni Mama Furaha alinifungia sarafu ndani ya soksi mpya ya mtoto, ya pamba. Kwenye ukaguzi wa mizigo msichana wa zamu aliitoa, akaanza kunyoosha kidole gumba, nikapiga kelele: "Ukingoni!" Nilikaguliwa upya toka viatu hadi meno. Sikujali.

Jumamosi iliyofuata, Korogwe. Wenzangu watatu walishafika nyuma ya duka. Ningeweza kudanganya, cheti kilikuwa mfukoni mwangu, na Husby ni mbali. Nilikisoma nikiwa nimesimama: "Ngao, safi sana. Mfalme, amechakaa. Sababu: amesalimiwa mno." Nikasema najiuzulu, nikasogea pembeni ya kiti.

Mhina aliinuka kwa haraka kuja kukikalia. Katikati ya njia akasita.

"Hebu rudia sababu."

Nikarudia.

"Amesalimiwa mno?" akauliza, akijitazama mkono wa kulia. "Mimi nimemgusa kila Jumamosi. Mara mbili, ukiwa umekwenda kujisaidia."

Wale wawili wengine wakainamisha macho. Mmoja akaficha mikono mifukoni. Hakuna aliyethubutu kukaa; tuliendesha kikao chote tumesimama, ajenda moja tu: mfalme asalimiwe vipi kuanzia sasa. Mhina akapendekeza kupunga mkono kwa mbali, hatua tatu. Ikapita bila kupingwa. Tukarudi nyuma hatua tatu, wanaume wanne wazima, tukapunga. Fundi alichungulia dirishani, akarudi kwenye cherehani yake.

Nilichojifunza huko, na pikipiki sina tena, ni hiki: kupenda kitu na kukitunza ni kazi mbili, na mimi kwa miaka ishirini na miwili nilifanya ile moja huku nikijisifia nyingine. Uenyekiti hadi leo uko wazi. Anayeutaka aje, lakini atatuonyesha kwanza kidole gumba.