Siku Kuku Alipokula Magari

Kuna nusu ukurasa mtupu kwenye kitabu changu cha barabara, na simwombi mtu radhi kwa ajili yake. Niliuacha mtupu kwa hiari yangu, kalamu ikiwa mkononi na wino tele.

Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, nikawa nachuma majani chai nyumbani Sosiot huku nikiota mchana kweupe. Nilitaka kusoma habari za hali ya hewa redioni. Nikiwa katikati ya michai, kikapu mgongoni, nilikuwa natangaza peke yangu: "Kericho, mvua alasiri. Bomet, vivyo hivyo." Mama ananiambia, "Tangaza, lakini mikono isisimame." Basi alipokuja madam mmoja wa chuo kikuu akitafuta mtu wa karibu na njia panda anayejua kusoma na kuandika, nilisimama kabla hajamaliza kusema.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Saa tatu asubuhi nasoma maji kwenye chombo cha kupima mvua, kilichosimikwa nyuma ya nyumba ya kogo, yaani nyanya yangu, na kuzungushiwa ua ili ng'ombe wasikisugulie shingo. Halafu nakaa njia panda hadi jioni, nahesabu kila gari linalopita kwenye barabara yetu ya murram, isiyo na lami. Madam alitaka kujua mvua na uzito wa malori vinaiharibu vipi barabara, ili siku moja awawekee wakubwa vitabu mezani, waache kusema sisi tunalalamika bure. Tulikuwa wahesabuji wawili tu, mimi na jamaa mmoja wa upande wa Silibwet, kila mmoja na chombo chake cha mvua na kitabu chake.

Hilo la wakubwa ndilo lililonishika. Wiki chache tu baada ya kuanza, lori la majani lilikwama kwenye mteremko wa kwenda mtoni, likalala hapo. Kule kituo cha kununulia, majani ya watu yakapata joto ndani ya magunia, yakageuka rangi, karani akayakataa. Jirani yetu mmoja, mama mjane, aliyamwaga ya kwake kando ya njia akakaa juu yake, kama kuku anayeatamia. Hakulia. Aliyelia ni mimi. Kisha nikafuta macho nikaandika kitabuni: lori moja, limekwama, limelala.

Shida ilikuwa karatasi. Mvua ya kwetu haipigi hodi, na karatasi ikishalowa kalamu inateleza tu. Nikabuni njia yangu. Punje ya mahindi kwa gari dogo na matatu, harage kwa lori na trekta. Gari likipita, natia punje kwenye mkebe. Jioni nahesabu, naandika kitabuni kwa mwandiko wa kupendeza, na nakala ya kaboni naifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha kogo. Nyumba nzima hapakuwa na mahali pakavu kuliko hapo, maana kogo hulala na moto wake.

Alhamisi moja nilirudi nikaweka mkebe kwenye benchi bila kuufunika. Ndama alikuwa amekata kamba, nikamkimbiza. Kurudi, nakuta kuku wa kogo kwenye benchi, kichwa chote ndani ya mkebe. Mahindi yamekwisha. Maharage hakugusa hata moja. Kuku wetu hali harage kavu. Kwa ushahidi wa mkebe, siku hiyo Sosiot yalipita malori peke yake.

"Kogo! Kuku wako amekula magari yangu!"

Kogo alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Amekula mangapi?"

"Si ndiyo shida, sijui!"

"Basi usimpigie kelele. Aliyeandikwa kazi ni wewe. Yeye hajaandikwa."

Mwisho wa mwezi akaja msimamizi na pikipiki yake. Huyu ndiye aliyekuwa akikagua vitabu kabla havijaenda kwa madam. Alifunua, akafunua, akasimama.

"Magari madogo ya Alhamisi yako wapi?"

"Yaliliwa na kuku, sir."

Nilipomweleza alicheka mpaka akaegemea pikipiki. Kisha akanipa kalamu. "Jaza kama Jumatano. Jumatano na Alhamisi ni ndugu."

"Jumatano kulikuwa na mazishi, sir, magari yalijaa."

"Basi kama Ijumaa."

"Ijumaa mvua ilifunga njia tangu asubuhi."

"Wewe msichana, umezaliwa hivyo ama umefundishwa?" Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mwenzako wa Silibwet hana pengo hata moja. Ofisi haitaki mapengo. Ukikataa kujaza, mwezi ujao nakuja na mtu mwingine."

Kazi ile niliipenda kama mtu anavyompenda mchumba. Lakini nilimkumbuka yule mama juu ya majani yake.

"Sir, nikidanganya kwa gari dogo, nani ataniamini kwa lile lori lililolala?"

"Na nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na kuku."

Nikachukua kalamu yake, nikaandika mbele ya macho yake, mstari mmoja tu juu ya ule nusu ukurasa mtupu: "Magari madogo hayajulikani. Punje zililiwa na kuku." Nikamrudishia kalamu na kitabu.

Alitimiza neno lake. Mwezi uliofuata akaja na mwanamume mwenye saa mkononi, akamkalisha njia panda. Sawa. Mimi nilinunua daftari la shule, nikahamia kwenye mlango wa kogo, unaotazama barabara ileile. Msimamizi akipita na pikipiki, namtilia harage moja ili ajue anahesabiwa kama lori. Chombo cha mvua kilikuwa uani kwetu, nikaendelea kukisoma. Mama akaniuliza nani ananituma. Nikamwambia mvua haina msimamizi.

Siku moja madam akaja mwenyewe. Alikuwa amebeba vitabu viwili, changu na cha Silibwet, akavifungua kwenye benchi lile lile. Siku ya mvua ya mawe, ile iliyotoboa michai kuanzia kwetu mpaka Bomet, Silibwet ikiwemo, kitabu cha Silibwet kilisema jua. Hakukuwa na pengo hata moja.

"Hiki siwezi kukitumia," akasema, akakifunga. Kisha akaweka kidole kwenye nusu ukurasa wangu. "Niambie kuhusu huyu kuku."

Nilimwonyesha. Alikuwa anapita palepale, mnene. Kisha nikatoa sanduku la bati na madaftari yangu ya mlangoni. Madam alipanga yote ndani ya katoni, moja moja, kama mtu anayepanga mayai.

"Alhamisi ile," akasema, "chuoni tuna njia ya kukadiria. Tunaweza kuijaza hata sasa."

"Kadirieni huko, madam, kwenye karatasi yenu," nikamwambia. "Kwenye yangu, hayajulikani."

Kogo alicheka kutoka jikoni. Madam akafunika kalamu yake, akairudisha mfukoni.